Mwenza anaficha au anafuja mali kabla ya talaka: mahakama inafanya nini hasa?

Nuru_M

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa kina, maana majibu mengi yanayozunguka mitandaoni ni ya juu juu.

Ndoa ikianza kuyumba, mara nyingi mmoja ndiye ameshika fedha. Akaunti ziko kwa jina lake, hati za viwanja anazo yeye, biashara anaiendesha yeye. Akishasikia neno talaka, mali zinaanza kuyeyuka: gari linahamia kwa mdogo wake, kiwanja kinauzwa kwa bei ya kutupa, akaunti ya akiba inabaki tupu. Mwingine hafichi kitu, anatumia tu. Kamari, nyumba ndogo, safari, mpaka siku ya kugawana hakuna cha kugawana.

Ninachotaka kujua ni hiki. Mahakama inatofautisha vipi kuficha, kufuja, na matumizi ya kawaida? Si kila anayetumia hela kipindi cha ugomvi ana nia mbaya. Nani anabeba mzigo wa kuthibitisha? Mali ikishauzwa, inarudi vipi, na isiporudi fidia inapigwa kwa hesabu gani? Na kubwa zaidi: hatua zipi zichukuliwe mapema, kwa nyaraka zipi?

Anayejua vifungu atuwekee. Sheria ya nchi yoyote sawa, ilimradi kanuni ieleweke.

Mzani

Nuru, swali lako la kwanza ndilo linaloangusha watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza.

Kuficha na kufuja ni makosa mawili, na kila moja lina dawa yake. Mali iliyofichwa bado ipo mahali. Kazi ya mahakama ni kuifichua na kuiingiza kwenye hesabu. Mali iliyofujwa haipo tena. Kazi ni kuihesabu kana kwamba ipo, halafu kumkata aliyeila. Anayechanganya haya mawili kwenye maombi yake hujikuta anaomba zuio (amri ya kukataza mali isiguswe) juu ya fedha zilizokwisha kuliwa, au anaomba fidia ya kiwanja ambacho kingeweza kurudi chenyewe.

Maana ya kufuja iliyonyooka zaidi naiona kwenye mahakama za jimbo la Illinois, Marekani: kutumia mali ya ndoa kwa faida ya mwenza mmoja tu, kwa jambo lisilohusu ndoa, katika kipindi ambacho ndoa imeshaanza kuvunjika bila tumaini la kurekebishika. Hayo ni mambo matatu na yote yanatakiwa. Mume aliyecheza kamari miaka kumi huku wote wawili wakiishi kwa amani na mke akijua, ni vigumu kumkata kwa miaka hiyo yote. Akizidisha kamari baada ya wenza kutengana vyumba, hapo hoja inasimama.

Kwa hiyo ada za watoto, kodi ya pango, matibabu, chakula na nauli haviingii, hata kama vimelipwa kutoka akaunti ya pamoja bila kuulizana. Biashara iliyokufa kwa hasara ya kweli nayo haiingii. Mahakama haimwadhibu mtu kwa kukosea hesabu za biashara. Inamwadhibu kwa kuchezea mali. Uingereza wamekaza zaidi: tangu shauri la Vaughan la 2007, majaji wanataka kuona matumizi ya kupindukia kabisa, yasiyojali, ndipo warudishe kiasi hicho kwenye hesabu. Ukienda kule na risiti za mgahawa za miezi miwili, hutasikilizwa.

Nani athibitishe? Kwa kawaida mzigo unaanza kwa anayelalamika. Lazima aonyeshe kiasi, tarehe na uelekeo: fedha fulani zilitoka siku fulani na hazikuingia kwenye jambo la familia. Akishaonyesha hivyo, mwenye kumbukumbu za matumizi ndiye anayetakiwa kueleza. Illinois mzigo huo unahamia rasmi kwa aliyetumia, na jibu la jumla la "nilitumia kwa mahitaji ya nyumbani" halikubaliwi. Anatakiwa aseme mahitaji yapi, lini, na risiti iko wapi. Kwingine kuhama kwa mzigo hakutamkwi hivyo, lakini kwa vitendo jaji humgeukia mwenye taarifa na kumuuliza fedha zilikwenda wapi. Akinyamaza, mahakama ina ruhusa ya kuchukulia kuwa jibu lingemuumiza.

Illinois wana utaratibu mmoja ambao ningeshauri mtu aufuate hata kama sheria ya kwake haiudai. Anayelalamika anatoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya shauri kusikilizwa, au siku 30 baada ya kufungwa hatua ya kubadilishana nyaraka, tarehe yoyote kati ya hizo mbili itakayokuja baadaye. Ndani ya taarifa anataja ndoa ilianza kuvunjika lini, mali gani imefujwa, na katika kipindi gani. Kuna na ukomo: hairuhusiwi kurudi nyuma zaidi ya miaka 5 kabla ya shauri kufunguliwa, wala kulalamikia ufujaji ambao ulikwisha kuujua, au ulipaswa kuujua, zaidi ya miaka 3 iliyopita. Ukijaza vipengele vile vitatu kwenye karatasi yako mwenyewe, utagundua papo hapo wapi ushahidi wako una pengo.

Kwa Tanzania, watu hukumbuka shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983 kwa jambo moja tu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Husahau upande wa pili wa hukumu ileile. Mahakama ya Rufani ilisema pia kwamba mwenza ambaye mwenendo wake umeufuta mchango wake katika ustawi wa familia hana haki ya kupata mgao, na rufani ya mama yule ilikataliwa. Hoja ya ufujaji inakata pande zote mbili. Anayeileta awe tayari na mahesabu yake kukaguliwa.

Sasa hesabu. Tuseme mali zilizobaki zina thamani ya milioni 80, na imethibitika mmoja alifuja milioni 20. Mahakama inarudisha zile 20 kwenye karatasi, jumla inakuwa 100. Kama mgao ni nusu kwa nusu, kila mmoja anastahili 50. Aliyefuja anahesabiwa ameshachukua 20 zake, anaongezwa 30. Mwenzake anapata 50 kutoka kwenye zile 80. Kosa linalojirudia ni kudai 20 nzima juu ya nusu ya 80, yaani 60. Hiyo ni kusahau kwamba nusu ya zile 20 ilikuwa ya aliyefuja mwenyewe.

Zipo sheria chache zinazokwenda mbele zaidi kwa makusudi. California, mwenza akificha mali kwa udanganyifu, mahakama inaweza kumpa mwenzake asilimia 100 ya mali hiyo. Ndicho kilichotokea kwenye shauri la Rossi: mke alipata mgao wa bahati nasibu wa kama dola milioni 1.3, akauficha, akaomba talaka. Habari ilipofichuka, mahakama ilimpa mume mgao wote, na mahakama ya rufani ikakubali mwaka 2001. Angetaja tangu mwanzo, huenda angebaki na nusu yake.

Hesabu Safi

Mzani kamaliza upande wa sheria, mimi niongezee upande wa karatasi, maana humu ndimo mashauri yanamoshindwa.

Anza na taarifa za benki. Miezi 12 ndiyo inayodaiwa kwenye fomu ya Uingereza ya kutangaza mali, lakini kwa anayetafuta kilichofichwa hiyo haitoshi. Omba miaka 3 hadi 5, kwa kila akaunti, ikiwemo iliyofungwa na ya fedha za simu. Kisha usisome mstari kwa mstari kama gazeti. Fungua jedwali lenye safu tano: tarehe, kiasi, aliyepokea, maelezo ya benki, na je, kuna kinachoonekana kununuliwa. Panga kwa aliyepokea, usipange kwa tarehe. Hapo ndipo sura inajitokeza.

Chukua mfano. Kwa miaka miwili akaunti inapokea mshahara, inalipa kodi, ada, umeme. Miezi minne kabla ya shauri kufunguliwa anatokea mpokeaji mpya, jina la ukoo ni lilelile la mwenye akaunti. Milioni 3, wiki mbili baadaye milioni 3, halafu milioni 3 tena. Namba za mviringo, vipindi vinavyolingana, na sehemu ya maelezo imeandikwa "kurejesha mkopo". Sasa rudi nyuma: huo mkopo uliingia lini? Kama hakuna milioni 9 zilizowahi kuingia kutoka kwa ndugu huyo, kwenye akaunti yoyote, una swali ambalo hawezi kulijibu kwa maneno matupu. Deni la kweli lina nyayo mbili, ya kuingia na ya kutoka. Deni la kutunga huwa na moja.

Kutoa fedha taslimu kunahitaji uangalifu zaidi. Utoaji mmoja mkubwa hueleweka. Kinachotia shaka ni mabadiliko ya tabia: mtu aliyekuwa akitoa laki mbili kwa wiki anaanza kutoa laki tano kila siku tatu, huku matumizi ya nyumbani hayajaongezeka. Piga wastani wa miezi 12 ya utulivu, utoe kwenye wastani wa miezi ya ugomvi. Tofauti hiyo, mara idadi ya miezi ya ugomvi, ndiyo kiasi unachotaka kirudishwe kwenye hesabu, na jaji ataielewa kwa dakika moja.

Kuna njia nyingine ya kumbana anayedai hana kitu, nayo ni kulinganisha mapato aliyotangaza na maisha anayoishi. Jumlisha matumizi yanayoonekana ya mwaka: ada, mafuta ya gari, bima, safari, vifaa vya ujenzi. Yakizidi mapato kwa kiasi kikubwa na hakuna deni linaloelezea, kuna chanzo ambacho hakijatajwa.

Kwa biashara, karatasi yenye thamani kuliko zote ni fomu ya maombi ya mkopo. Mtu yuleyule anayeiambia mahakama duka lake linaingiza hasara, mwaka uliopita aliiambia benki linafanya vizuri na akaweka mahesabu kuthibitisha. Weka hati hizo mbili bega kwa bega, na ya tatu iwe ritani ya kodi. Angalia pia wateja waliochelewa kulipa ghafla kipindi cha shauri (ankara hazitolewi mpaka talaka itoke), mishahara ya wafanyakazi ambao hawaonekani kwenye michango ya mfuko wa pensheni, na bidhaa za ghalani zilizopungua bila mauzo kuongezeka. Wapo wanaolipa kodi ya ziada ili warudishiwe baadaye. Bima za maisha zenye akiba nazo husahaulika mno. Uliza thamani yake kama ikivunjwa leo, na uliza kama jina la mnufaika limebadilishwa.

Mikataba ya mauzo iliyorudishwa nyuma tarehe haihitaji mtaalamu wa maandishi kila mara. Mkataba unasema kiwanja kiliuzwa miaka minne iliyopita. Tazama namba ya kitambulisho cha shahidi: kilitolewa lini? Tazama risiti ya ushuru wa stempu, tarehe ya muhuri wa wakili, namba ya simu ya mnunuzi. Kitambulisho ambacho namba yake ilitolewa mara ya kwanza mwaka jana hakiwezi kuwemo kwenye mkataba wa miaka minne iliyopita. Halafu uliza fedha za mauzo ziliingia akaunti gani, na tangu siku hiyo ni nani analipa kodi ya ardhi. Kama muuzaji bado ndiye anayelipa, ni dalili nzito kwamba kiwanja hakijauzwa.

Sarafu za kidijitali: usianzie kwenye sarafu, anzia benki. Fedha lazima ziliondoka akaunti fulani kwenda kwenye soko la kubadilishia. Jina la soko linaonekana kwenye taarifa ya benki, na soko lenye leseni linaweza kuagizwa litoe kumbukumbu za mteja. Zikishahamishiwa kwenye pochi binafsi, mienendo yake bado inaonekana hadharani kwenye leja, yaani daftari la wazi la miamala, ila mahakama haiwezi kuzivuta bila nywila. Mara nyingi jaji atazihesabu kuwa zimo mikononi mwa aliyezihamisha na kumkata kwenye mali nyingine, na hilo ndilo ombi la busara kwa mdai.

Nuru_M

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimebakiwa na mawili. Kama mali imeshahamia kwa ndugu au kampuni, mahakama inaweza kumgusa mtu ambaye si mwanandoa? Na zuio linaombwa lini, kabla au baada ya kufungua shauri la talaka?

Kiapo

Nuru, nianze na zuio, kwa sababu hapo siku mbili tatu zinaweza kuamua kila kitu.

Zipo nchi ambapo zuio linakuja lenyewe. California, wito wa shauri la talaka ukishatolewa, mwombaji anafungwa papo hapo, na mjibu maombi anafungwa anapokabidhiwa: hakuna kuuza, kuweka rehani, kuficha mali wala kubadilisha mnufaika wa bima bila idhini ya maandishi ya mwenzake au amri ya mahakama, isipokuwa kwa mahitaji ya lazima na shughuli za kawaida za biashara. Kwingi haiko hivyo. Lazima uombe.

Maombi huenda na hati ya kiapo, na kama kuna hatari ya haraka, hati ya dharura ili yasikilizwe upande mmoja kwanza. Vigezo ni vitatu, Tanzania kwa shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969 na Kenya kwa Giella dhidi ya Cassman Brown la 1973: kuna jambo zito la kuamuliwa na mwombaji ana uwezekano wa kushinda, bila zuio atapata hasara isiyofidika, na mizania ya madhara iko upande wake. Wanaoshindwa hushindwa kwenye cha pili. Wanaandika "ninahofia atauza". Hofu peke yake haitoshi. Kiapo kiseme dalali fulani ametangaza nyumba tarehe fulani, na tangazo liambatishwe. Kiseme akaunti ilikuwa na kiasi gani mwezi uliopita na ina kiasi gani leo. Na mali itajwe kwa namba: namba ya kiwanja na ya hati, namba ya usajili wa gari, benki na tawi. Amri inayosema "asiuze mali za ndoa" haina meno, kwa sababu msajili au meneja wa benki akipelekewa hajui azuie kitu gani.

Ukisikilizwa upande mmoja, taja na yale yanayokuumiza. Kama mlishakubaliana kuuza gari, sema. Mahakama ikigundua ulificha jambo kama hilo, zuio linafutwa na neno lako halitaaminika tena mpaka mwisho wa shauri.

Kwa Tanzania kuna mtego wa muda. Kwa kawaida hufungui shauri la talaka kabla ya kupita baraza la usuluhishi na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Kipindi hicho kati ya baraza na mahakama ndicho mali zinapohama, kwa sababu mwenza ameshajua kinachokuja na hakuna amri yoyote inayomfunga. Ila kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakisubiri talaka. Nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na mwenza anahesabiwa ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa kaveati, yaani zuio la kwenye rejista ya ardhi. Kenya nao, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai ridhaa ya wote kabla ya kuuza au kuweka rehani mali ya ndoa ya mke mmoja, na kifungu cha 17 kinaruhusu kuomba mahakama itamke haki za kila mmoja juu ya mali hata kabla ya ombi la talaka. Kaveati haifanyi kazi kwa ardhi isiyosajiliwa. Hapo wapelekee notisi ya maandishi viongozi wa eneo wanaoshuhudia mauziano, ubaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Mnunuzi akija baadaye, hataweza kusema kirahisi kwamba hakujua.

Na hilo linatupeleka kwa ndugu na kampuni. Ndiyo, wanaguswa, kwa sharti kwamba waunganishwe kwenye shauri. Mahakama haiwezi kumnyang'anya mtu kiwanja bila kumsikiliza. Nimesoma hukumu nyingi ambazo jaji anakubali kabisa kwamba nyumba ni ya mume, lakini iko kwa jina la kaka ambaye hakuwahi kuitwa, na amri inaishia hewani. Muunganishe mapema, na omba suala la umiliki liamuliwe kwanza kabla ya mgawanyo.

Uingereza, kifungu cha 37 cha Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya 1973 kinaruhusu kuzuia uhamisho unaotaka kufanyika na kufuta uliokwisha kufanyika. Ukiwa umefanyika ndani ya miaka 3 kabla ya maombi, na matokeo yake ni kumnyima mwenza haki, mahakama inachukulia kwamba nia ilikuwa hiyo mpaka mhusika athibitishe vinginevyo. Anayenusurika ni mnunuzi aliyelipa thamani, kwa nia njema, bila kujua. Ndugu aliyepewa bure hawezi kujificha humo. Aliyelipa robo ya bei ya soko siku chache kabla ya shauri atakuwa na kazi ngumu ya kueleza nia njema yake.

Kampuni ni ngumu zaidi, kwa sababu kisheria ni mtu kamili. Katika shauri la Prest dhidi ya Petrodel, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kulipasua pazia la kampuni, yaani kuihesabu kampuni na mwenye hisa kuwa mtu mmoja, kwa sababu tu mwenye hisa ni mume. Lakini ilifuatilia fedha za kununulia nyumba zilitoka kwa nani, ikaona zilitoka kwa mume, na kwa kuwa yeye na kampuni zake hawakutoa maelezo ya maana, ikahitimisha kwamba kampuni zilikuwa zimeshika nyumba saba kwa niaba yake. Zikaenda kwa mke. Kwa hiyo usipoteze nguvu kuthibitisha kwamba kampuni ni feki; thibitisha nani alilipa bei ya ununuzi.

Mzani

Kiapo, nakubaliana nawe, naongeza moja kuhusu anayegoma kutoa nyaraka. Watu hudhani jela ndiyo ufumbuzi. Scot Young, mfanyabiashara wa Uingereza, alifungwa miezi 6 Januari 2013 kwa kudharau amri ya kutoa maelezo ya mali zake. Kifungo hakikuzileta hati zote mezani. Kilichosaidia ni jaji kuhitimisha kutokana na ushahidi uliopo: Novemba mwaka huohuo alikadiria mali zilizofichwa kuwa pauni milioni 45 na kumwamuru alipe milioni 20. Jaji anaweza kukadiria, lakini hakadirii kutoka hewani. Mpe kianzio: mkopo aliowahi kuupata, hisa alizowahi kutangaza, nyumba anayoishi.

Jambo jingine, nimeona mara nyingi watu wakichukulia nusu kwa nusu ni lazima. Mfano wangu wa juu ulikuwa wa hesabu tu. Tanzania, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni ya pamoja na mahitaji ya watoto, huku mahakama ikielekea kwenye usawa. Kenya, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa kwenye katiba hauna maana kwamba mali zinakatwa nusu moja kwa moja. Kama mgao wako ni asilimia 40, basi unadai asilimia 40 ya kilichofujwa. Usidai nusu.

Nuru_M

Je, mtu akiingia kwenye simu au barua pepe ya mwenzake na kupata ushahidi humo? Wengi ndiko wanakokimbilia.

Hesabu Safi

Usiguse, Nuru. Nyaraka zilizo wazi nyumbani, za akaunti ya pamoja, au zilizotumwa kwako, piga picha na kuzihifadhi. Kuvunja nywila ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na hata mahakama ya familia haitakushukuru. Kwenye shauri la Imerman la 2010, ndugu wa mke walinakili mafaili ya mume kutoka kwenye seva ya ofisi waliyokuwa wakiitumia pamoja naye, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaamuru yarudishwe. Mume alibaki na wajibu wake wa kutangaza mali, lakini upande wa mke ulipoteza muda na gharama nyingi kubishania mafaili badala ya mali.

Njia halali ni wito wa mahakama wa kuwasilisha nyaraka, unaopelekwa moja kwa moja benki, kampuni ya simu au kwa msajili. Benki haina sababu ya kumlinda mteja mbele ya amri. Andika kipindi na namba ya akaunti. Wito wa "nyaraka zote" hupingwa na hukataliwa. Ukiwa na picha za skrini au taarifa iliyochapishwa kutoka kwenye simu, mwombe wakili aandae uthibitisho wa ushahidi wa kielektroniki. Kenya cheti hicho kinadaiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na jedwali zuri hukataliwa kwa kukosa ukurasa mmoja tu.

Kiapo

Na kama talaka imeshatoka ndipo mali iliyofichwa ikaonekana, mlango haujafungwa. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika mashauri ya Sharland na Gohil, iliruhusu makubaliano yafunguliwe upya kwa sababu waume hawakusema kweli. California mahakama inabaki na mamlaka juu ya mali ambayo haikugawanywa. Kwingine kuna marejeo, yaani kuiomba mahakama ipitie upya hukumu yake, au shauri jipya la kufuta amri iliyopatikana kwa udanganyifu, na kila njia ina ukomo wake wa siku, kwa hiyo andika tarehe uliyogundua na uhifadhi kilichokugundulisha.

Kwenye makubaliano ya nje ya mahakama, ingizeni kipengele kimoja kabla ya kusaini: kila mmoja anaapa ametaja mali zake zote kwenye jedwali lililoambatishwa, na mali yoyote ambayo haimo, ikionekana, itagawanywa kwa uwiano utakaoandikwa hapo hapo, pamoja na gharama za kuitafuta. Jedwali lisainiwe kila ukurasa. Wakili wa upande wa pili akikataa kipengele hicho, usisaini siku hiyo. Rudi kwenye taarifa za benki uangalie tena.